Dawa Nyekundu na Homa ya Usiku

Wengi wetu hapa Pwani tuna dada, shangazi au wifi huko Nairobi, Kibera na Kawangware, na baadhi yao hivi sasa wanatibiwa saratani ya matiti. Miongoni mwa dawa wanazotundikiwa ni doksorubisini, majimaji mekundu ambayo wagonjwa wa nchi nyingi wameyaita shetani mwekundu. Jina hilo hatulipendi. Dawa hii imewafaa wengi kwa idhini ya Mola.

Khofu ya kwanza huwapata chooni. Kwa siku moja au mbili mkojo huwa mwekundu, na pale ambapo choo ni cha ploti nzima, mgonjwa huona haya na jirani hudhani ni damu. Si damu, ni rangi ya dawa ikitoka. Ikizidi siku hizo, daktari aambiwe. Kichefuchefu kina vidonge vyake, navyo humezwa kama vilivyoandikwa, bila kungoja atapike. Nywele huanguka yapata juma la pili au la tatu, na kwa kawaida huota tena matibabu yakisha. Mtandio huwaficha watu wa nje, lakini mume huona, na hapo neno lake moja huwa zito.

Tunaloliogopa zaidi ni homa. Dawa hupunguza chembechembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya kutundikiwa, hata maradhi madogo yakaweza kuua upesi. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali usiku uleule. Asipewe panadoli kwanza, kwani hushusha joto na kuificha hatari. Twajua kutoka Kibera usiku si jambo jepesi, ijapokuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko jirani. Kawangware ni mbali zaidi. Basi kipimajoto kinunuliwe, nauli iwekwe kando, dereva ajulikane mapema, na mwenye ufunguo wa geti la ploti aarifiwe.

Ramadhani ikimkuta katika hali hii, mavyaa asimlaumu kwa kutofunga: ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 184 ya Suratul Baqara. Amuuguzaye aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Na ijapokuwa kumzuru mgonjwa ni ibada, mwenye mafua atume salamu zake kwa simu.