Nairobi Iko Karibu Kuliko Mwanza

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu swali jepesi: kwa ndege kutoka Dar es Salaam, ni wapi karibu zaidi, Nairobi au Mwanza? Darasa zima lilijibu Mwanza, bila kusita. Ramani inawakanusha. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Jomo Kenyatta ni takriban kilomita 670. Hadi Mwanza ni takriban 850.

Kosa lao lina asili yake. Abiria wa Mwanza huonesha kitambulisho akapanda. Wa Nairobi hugongewa mihuri mara mbili, na tiketi yake hubeba tozo za safari ya kimataifa. Niliwahi kuitwa Nairobi kutahini tasnifu. Angani tulikaa saa moja na robo hivi; kutoka mlangoni kwangu hadi kwa mwenyeji wangu zilipita saa nane. (Sehemu ya lawama, nakiri, ni ya foleni ya Barabara ya Nyerere.)

Lakini foleni ni jambo dogo. Urefu wa safari hii huamuliwa na watawala. East African Airways, shirika la pamoja lililoanzishwa 1946, lilikufa 1977 pamoja na Jumuiya, na mpaka ukafungwa hadi 1983. Agosti 2020, Kenya ilipoiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeruhusiwa kuingia, Tanzania ilizizuia ndege za Kenya Airways hadi Septemba. Januari 2024, Kenya ilipoinyima Air Tanzania haki ya kupakia mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu, ule uitwao uhuru wa tano wa anga, Tanzania ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways kutoka Nairobi zisitue Dar es Salaam. Mawaziri wakazungumza, na zuio likaondolewa kabla halijaanza.

Wapo wanaosema Tanzania ilifanya vyema, kwani anayenyima hunyimwa. Sikatai kwamba nchi iliyonunua Boeing ya mizigo ina haki ya kuitafutia kazi. Linalonikera ni kwamba rungu lililoinuliwa lilikuwa abiria: mfanyabiashara wa Kariakoo, mgonjwa mwenye miadi ya daktari, mtu anayewahi maziko. Hawa hawakuwa na kilo hata moja ya shehena katika ugomvi ule. Na kama siku chache za mazungumzo zilitosha kuumaliza, kwa nini hazikutangulia tangazo?

Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwapo tangu Julai 2010. Mawaziri wetu wa uchukuzi wangeiongezea kifungu kimoja tu: mgogoro wowote wa haki za anga upelekwe kwanza Arusha, na shauri likiwa linasikilizwa, ndege za abiria ziendelee kuruka.