Umri wa Mshtakiwa na Kalamu ya Karani

Katika vilabu vya Njombe na kituo cha mabasi cha Makambako twasikia neno moja: aliyeua kama mtu mzima na ahukumiwe kama mtu mzima. Uchungu wa waliofiwa twaujua. Tangu mauaji ya watoto ya mwanzo wa 2019 hapana nyumba mkoani mwetu ilionayo jambo la damu kuwa dogo. Walakini neno hilo halifai kuwa sheria.

Chini ya Sheria ya Watoto na Vijana ya 1937, aliyetimiza miaka 16 hakuhesabiwa tena kijana mbele ya hakimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeupeleka mpaka hadi 18. Mashtaka ya mtoto huamuliwa na Mahakama ya Watoto, isipokuwa ya kuua, ambayo huenda Mahakama Kuu. Na huko, ikiwa alipotenda hakutimiza 18, hahukumiwi kufa, bali huwekwa kizuizini kwa kadiri apendavyo Rais. Kizuizi hicho hakina siku ya mwisho iliyoandikwa. Basi asiseme mtu kwamba mtoto huachiwa aende zake.

Kati ya kitanzi na kizuizi iko tarakimu moja tu, na tarakimu hiyo huandikwa na sisi. Kweli, sheria yaiamuru mahakama kuuchunguza umri wa aonekanaye kuwa mtoto. Lakini ataonekanaje mtoto, ikiwa jalada lasema 20? Kijana ashuka Makambako kutafuta kibarua cha mbao au viazi, hana cheti cha kuzaliwa, na kwa tajiri amejiongezea miaka ili aajiriwe. Akikamatwa huulizwa, naye hujibu vile vile alivyozoea. Karani aandika, tena upesi, maana watu wamejaa dirishani. Tangu hapo kila jalada hunakili lililotangulia, na kijana hulala mahabusu pamoja na watu wazima.

Twawaomba wenzetu wa polisi, mahakama, zahanati na shule: kando ya umri iandikwe ulikotoka, kwa cheti, kwa daftari la shule, au "amesema mwenyewe". Penye shaka, mzazi aitwe, au mtendaji wa kijiji apelekewe habari siku ile ile. Shauri hili tutalileta katika mkutano ujao wa chama. Mwenye daftari lenye safu ya namna hiyo na aje nalo.