Kipindupindu Zambia: Vitanda 1,000 uwanjani na wagonjwa ambao hawakuvifikia

Januari 2024, uwanja wa soka wa Heroes jijini Lusaka, uliozoea shangwe za mashabiki wa Chipolopolo, uligeuzwa kuwa kituo cha kutibu kipindupindu chenye nafasi ya vitanda takriban 1,000. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 8 mwezi huo zilibaki zimefungwa hadi Februari 12. Katikati ya Januari wagonjwa walikuwa wamepindukia 10,000, na waliofariki walizidi 400.

Uwiano huo ndio uliowashtua wataalamu. Kipindupindu kikitibiwa mapema huua chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100. Zambia ilikuwa ikipoteza karibu wanne. Wala tiba yenyewe si adimu: wagonjwa wengi huokolewa kwa maji safi yaliyochanganywa na chumvi maalumu na sukari, na waliozidiwa hutundikiwa dripu. Kilichokosekana ni muda. Zaidi ya nusu ya vifo vilivyorekodiwa hadi wakati huo vilitokea nje ya vituo vya afya, nyumbani au njiani. Ugonjwa unaoweza kumaliza maji mwilini kwa saa chache haumsubiri mgonjwa atafute nauli, wala haungoji kupambazuke.

Kwa hiyo uwanja, hata kama uliipunguzia hospitali msongamano, haukuweza kuwa jibu kwa mtu aliyeanza kuharisha usiku wa manane huko Kanyama au Matero. Huyo alihitaji kituo kidogo cha maji ya chumvi na sukari hatua chache kutoka mlangoni, pamoja na mhudumu wa afya anayemfahamu.

Chanjo nayo iliwasili Januari, dozi zipatazo milioni 1.4. Kutokana na uhaba duniani, tangu Oktoba 2022 nchi zinazokabiliwa na mlipuko hutoa dozi moja badala ya mbili, na kinga yake ni ya muda mfupi zaidi.

Rais Hakainde Hichilema aliwahimiza baadhi ya wakazi wa mijini warejee vijijini. Ni ushauri mgumu kwa mchuuzi ambaye chakula cha jioni hukipata kwa mauzo ya mchana. Hata hivyo, uligusa kiini cha tatizo: sehemu kubwa ya Lusaka imejengwa juu ya mwamba wa chokaa wenye nyufa, na katika mitaa isiyopimwa vyoo vya shimo na visima vifupi huchimbwa jirani kwa jirani. Mvua ikinyesha, kilichomo chooni hupenya hadi kisimani.

Katika mlipuko wa 2017 na 2018, jeshi liliingia mitaani kuzoa taka na wachuuzi wakaondolewa barabarani. Barabara zilisafishwa, visima vikabaki. Miaka sita baadaye mlipuko mwingine ulipita katika mitaa ileile, na hadi kufikia katikati ya 2024 ulikuwa umeua zaidi ya watu 700.