Bi Harusi wa Kilimatinde Asishonewe Bahari



Sisi wa visiwani tukiambiwa tushone maji kwenye mfarishi wa viraka, mkono hukimbilia bahari: bluu iliyokolea na mawimbi. Bi harusi akibaki kwao, hapana neno. Akiolewa Kilimatinde, wilayani Manyoni, mkoa wa Singida, tunasema maji hayo si yake.

Kilimatinde ipo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki, chini kabisa, ndiyo Bahi. Masika Mto Bubu huleta maji yakatandaa bondeni. Kiangazi ardhi hukauka. Ni maji mapana, ya polepole, yenye rangi ya udongo na majani. Yanataka mapindo marefu, si mawimbi.

Na mapindo marefu hayatishi. Tandika vitambaa viwili, vyote uso juu, kimoja kikipanda juu ya mwenzake kwa sentimita 8 hivi. Chora pindo moja kwa chaki, kata vyote viwili pamoja, kisha toa mabaki. Viweke uso kwa uso, anza kubana pini katikati, malizia nchani. Shona taratibu. Ukingo ulioingia ndani ukivuta, uchanje kidogo kwa mkasi, kisha piga pasi.

Kwa kijito chembamba, kata utepe kwa mshazari, nyuzi 45, maana hapo kitambaa hunyumbulika. Kunja kingo zake, upinde kwa pasi, halafu shona kwa mkono upande wa ndani wa pindo kwanza. Ukianza na wa nje, wa ndani utafanya makunyanzi.

Wapo watakaosema rangi ya udongo haifai kitanda cha harusi, bi harusi anataka kung'ara. Hatukubali. Vipande vya kanga vya kahawia, kijani na vyeupe vichache vikipangwa vizuri hung'ara vya kutosha. Tena mfarishi wa bahari humwambia binti kila usiku kwamba kwao ni kwingine. Wenye maji ya Bahi humwambia mama mkwe kwamba tumeitazama nchi yake kabla ya kumpa mtoto wetu.

Naye akiona hamu ya pwani, mwekeeni ukanda mmoja wa kanga ya mama yake pembezoni. Katikati paachieni Bubu.