Nyumba Janja: Umuhimu wa Kifaa Hupimwa Intaneti Inapokatika

Tarehe 12 Mei, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu na huduma ya intaneti nchini ikayumba. Wengi waliuona usumbufu huo kwenye simu na ofisini. Kwa nyumba ambayo taa, geti na kufuli vyake hutegemea seva iliyoko bara jingine, hitilafu ya namna hiyo huingia hadi chumbani, kwa kuwa amri inayotolewa sebuleni husafiri ughaibuni kwanza, ndipo irudi kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka kwa aliyeitoa.

Vifaa vya kile kinachoitwa nyumba janja sasa vinapatikana kwa urahisi katika maduka ya mijini: balbu zinazoongozwa kwa simu, plagi, kamera, kengele za mlangoni zenye picha. Matangazo yake husifu zaidi starehe. Hata hivyo, kaya nyingi za Kitanzania zilianza kutumia mitambo inayojiendesha kabla ya jina hilo kusikika. Boya la umeme huzima pampu tanki la juu likijaa. Kifaa cha kulinda friji hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha ili kompresa isiungue. Vyote viwili havihitaji intaneti, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Kwa kipimo hicho, kifaa kinachostahili kutangulia kununuliwa ni kitambuzi cha uvujaji wa gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na kwa familia nyingi za mijini maana yake ni mtungi wa gesi jikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda chini. Kitambuzi chake hufungwa karibu na sakafu. Gesi asilia inayofika kwa bomba katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara ni nyepesi na hupanda, hivyo kitambuzi chake hukaa karibu na dari. Mnunuzi asiyeuliza tofauti hiyo anaweza kuwa na kifaa kizima, chenye taa ya kijani inayowaka, kilichofungwa mahali ambapo gesi itachelewa mno kukifikia.

Katika matumizi ya umeme, balbu janja ndiyo hupewa sifa nyingi, lakini hesabu haiiungi mkono. Hita ya maji ya wati 3,000 ikifanya kazi kwa saa moja hutumia uniti 3. Taa ya LED ya wati 9 ingelazimika kuwaka takribani siku 14 bila kuzimwa ndipo ifikie kiasi hicho. Saa ya kujizima yenyewe, ikifungwa kwenye hita, ina faida kubwa zaidi kuliko balbu kumi zinazobadili rangi. Tahadhari moja ni ya lazima: hita hiyo huvuta ampea 13, hivyo haipaswi kuchomekwa kwenye plagi janja yenye uwezo wa ampea 10, hata kama matundu yanaingiliana. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Lipo pia suala la umri wa kifaa, ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Wateja wa LUKU walilikuta mwaka 2024. Mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita za malipo ya kabla huhesabu muda wa tokeni kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. TANESCO ikawataka wateja waingize namba maalumu ili mita zao ziendelee kupokea umeme. Mita zilikuwa na mwenyewe wa kuzihudumia. Kamera ya bei nafuu isiyo na mtengenezaji anayejulikana haina wa kuirekebishia programu siku kasoro ikigundulika.

Kasoro za aina hiyo zina historia. Oktoba 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikavitumia vifaa hivyo kuangusha huduma za kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti kubwa zikazimika kwa saa kadhaa. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika 29 Aprili 2024, imepiga marufuku nywila rahisi za kiwandani na inamtaka mtengenezaji aeleze atakihudumia kifaa kwa muda gani.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, pamoja na Tume inayoisimamia. Miongoni mwa mambo inayoyawekea masharti ni kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Ulinzi huo haumhusu mwenye nyumba peke yake. Kamera ya sebuleni humrekodi pia dada wa kazi siku nzima, na ile ya ukutani, ikigeuzwa kidogo tu, huona ua wa jirani. Wote hao wana haki ya kujua kwamba wanarekodiwa.

Aghalabu fundi anayefunga kamera ndiye huiunganisha kwa simu yake mwenyewe ili kuijaribu. Kabla hajaondoka, nywila ibadilishwe na mwenye nyumba mbele yake, na simu ya fundi iondolewe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuona picha.