Kaka Yangu si Gunia la Mahindi

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii niliikariri darasani kama kasuku, hadi ilipobisha hodi kwetu Langas. Kaka yangu, aliyekuwa akiendesha bodaboda, aligongwa na lori. Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu.

Msomaji mpenzi, kama waijua Langas basi wazijua jimu zetu. Si zile za katikati ya mji zenye vioo ukutani. Ni kibanda cha mabati, kipande cha bomba, na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji huku na huku. Jioni vijana hukutana hapo kupiga chuma, na wengi wameepukana na chang'aa kwa sababu hiyo. Kaka alikuwa mmoja wao.

Baada ya miezi kadhaa akataka kurudi. Mlangoni pana ngazi mbili. Mimi na vijana watatu tukamwinua hobelahobela, kiti na mwenyewe, watu wakipiga makofi. Nilijiona mtu mwema kweli kweli! Kumbe ndani benchi lilikuwa jembamba, akilala miguu inaanguka. Vyuma vimewekwa juu asikofika. Akabaki kando akitazama. Tulipokuwa tukirudi akaniambia, "Mdogo wangu, mimi si gunia la mahindi." Hakwenda tena.

Wapo watakaouliza, "Mlemavu na chuma, wapi na wapi?" La hasha! Anayesukuma kiti mchana kutwa kwenye matope ya Langas hutumia mabega kama sisi tutumiavyo miguu. Asipoyaimarisha, hasa kwa mazoezi ya kuvuta yatakayolingana na kule kusukuma, mabega huchoka na kuuma. Bega likigoma, mtu amekwama. Kwake yeye chuma si maringo ya kifua, ni mwendo.

Tena wako waliofika mbali. Mwaka wa 2022 kule Birmingham, Uingereza, Mkenya mwenzetu Hellen Wawira alitwaa nishani ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, upande wa walemavu wanyanyuao vyuma. Katika mchezo huo mtu hulala chali, miguu yote juu ya benchi, na anaweza kufungwa mikanda. Benchi lenyewe lina upana wa sentimita 61.

Utasikia watu wakisema vifaa hivyo ni ghali. Vya kuagiza ng'ambo, naam. Lakini mikebe yetu ya saruji ilitoka ng'ambo gani? Fundi wa jua kali aliyechomelea benchi jembamba hashindwi kuchomelea pana. Ngazi nazo ziwekewe mteremko wa saruji: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Vyuma viwekwe rafu ya chini, pawe na kamba ya kuvuta mtu akiwa kitini mwake, na kila mkebe uchorwe alama ya kupapasa ili asiyeona ajue uzito wake.

Hii si sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Eldoret ilitawazwa kuwa jiji mwaka wa 2024. Jiji gani hili ambalo mwananchi anaingia mlangoni akibebwa?

Juzi nilimwendea fundi kumweleza habari za benchi. Akaniuliza, "Kiti cha kaka yako kina urefu gani kutoka chini?" Nikanyamaza. Miezi yote hiyo nilimbeba kaka, sikumpima wala kumwuliza. Hapo ndipo kosa letu sote lilipo.

Likizo hii tutakwenda kwa fundi pamoja. Kaka atasema mwenyewe anavyotaka, mimi nitashika futi tu.