Nyiragongo ni yetu, lakini nani anahesabiwa? Utafiti wa ardhi ya Kivu na bei ya kutajwa

UCHAMBUZI. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakaaji wa Goma waliona mbingu imekuwa nyekundu upande wa kaskazini. Hakukuwa na onyo lolote kabla. Watu walibeba watoto na magodoro, wengine wakakimbilia Sake, wengine mpaka wa Rwanda. Moto wa Nyiragongo uliteketeza maelfu ya nyumba, ukasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke, na mamia ya maelfu ya watu wakajikuta njiani.

Mwezi wa nane 2022, jarida Nature la Uingereza lilichapisha makala iliyojibu swali ambalo Goma nzima ilikuwa ikiuliza: kwa nini hatukuonywa? Mwandishi wa kwanza ni Delphine Smittarello, mtafiti wa kituo kimoja cha Ulaya kilichoko Luxembourg, pamoja na wenzake wa nchi mbalimbali na Wakongomani wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG. Jibu lao lilikuwa gumu kumeza. Volkano ilipasuka ubavuni ghafla, na mashine hazikuonyesha dalili za wazi siku zilizotangulia. Alama za kwanza zilionekana chini ya saa moja kabla ya moto kutoka.

Kwa dunia ya wasomi, makala katika Nature ni kama kombe. Kwa mama aliyepoteza nyumba yake Buhene, ni karatasi ya Kiingereza ambayo pengine hatasikia habari zake kamwe. Kati ya hao wawili kuna jambo ambalo Kivu inapaswa kulifahamu, kwa sababu linaamua nani anapata pesa za utafiti, nani anapata cheo, na maswali gani juu ya ardhi yetu yanaulizwa.

Kutajwa ni sarafu

Mtafiti akiandika makala, lazima aonyeshe amesoma kazi za nani. Kila jina analotaja linahesabiwa. Makala iliyotajwa mara nyingi inaonekana kuwa na uzito, na mwandishi wake anapanda. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyetoa wazo hili mwaka 1955, na mwaka 1964 akaanza kuchapa orodha kubwa ya nani amemtaja nani.

Kutoka hapo kulizaliwa kipimo cha uzito wa jarida, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme jarida limetoa makala 100 katika miaka miwili, na mwaka unaofuata makala hizo zimetajwa mara 500. Uzito wake ni 5. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha mtu mmoja mmoja: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10, alama yako ni 10.

Kipimo cha jarida kilianza kama msaada kwa watu wa maktaba. Leo vipimo hivi vinatumika kuajiri maprofesa, kugawa pesa za miradi na kupanga vyuo vikuu kwa daraja. Wasomi wenyewe wamelalamika. Azimio lililotoka San Francisco na kutangazwa mwaka 2013 lilisema wazi kwamba uzito wa jarida usitumike kumpima mtafiti. Vyuo vingi duniani vimetia sahihi, lakini desturi bado ina nguvu.

Kasoro kubwa kwetu sisi ni hii: orodha hizo zinahesabu makala za majarida yaliyosajiliwa, mengi yakiwa ya Kiingereza. Taarifa ambazo OVG hutoa kwa Kifaransa kuhusu hali ya Nyiragongo na Nyamulagira hazimo. Ripoti kwa ulinzi wa raia haimo. Mtaalamu anayepanda mlima kupima gesi, kisha akatoa onyo linalookoa kartie nzima, katika hesabu hiyo anaweza kubaki na sifuri.

Asilimia 30

Mwaka 2020, jarida Earth-Science Reviews lilichapisha utafiti uliohesabu makala za sayansi ya ardhi katika majarida yenye uzito mkubwa. Makala zilizohusu Afrika zilikuwa karibu asilimia 4 tu ya zote. Na kati ya hizo zilizohusu Afrika, asilimia 30 tu zilikuwa na angalau mwandishi mmoja Mwafrika. Yaani kwa kila makala 10 juu ya milima, maziwa na madini ya bara hili, 7 ziliandikwa bila Mwafrika hata mmoja kati ya waandishi.

Wenyewe wanaita tabia hiyo utafiti wa helikopta: unashuka, unachukua mawe na takwimu, unapanda tena. Jarida Nature lilitangaza mwaka 2022 kwamba litawahimiza waandishi waeleze namna walivyoshirikiana na watafiti wa mahali kazi ilipofanyika. Ni hatua, ila jina kuwemo katika orodha ndefu ni jambo moja, na kuongoza swali ni jambo lingine.

Tukumbuke kwamba Kivu haikuanza jana. Taasisi ya utafiti iliyozaa kituo cha Lwiro, Kabare, iliundwa mwaka 1947. OVG ilianzishwa mwaka 1986. Volkano ilipolipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 na kukata Goma katikati, watafiti wa hapa walikuwa na vituo viwili tu vya kupima mitetemo ya ardhi, Katale na Bulengo. Kwa mashine hizo mbili walifuatilia matetemeko yaliyotangulia, na kazi yao ikachapishwa katika jarida la Kiitaliano Acta Vulcanologica, Wakongomani wakiwa waandishi wa kwanza wa baadhi ya makala. Jarida hilo ni dogo, na nakala zake si rahisi kupata. Takwimu zile zimeendelea kuwa msingi kwa kila anayeandika juu ya 2002, lakini wasomaji wengi wanakutana nazo ndani ya makala kubwa zilizokuja baadaye, na hizo ndizo zinazotajwa zaidi.

Neno limesafiri

Kuna mfano mwingine ambao kila mtoto wa Goma anaujua: mazuku. Ni mashimo na mabonde ambamo gesi nzito ya kaboni inajikusanya, inaua mbuzi, na wakati mwingine mtu aliyeinama au kulala. Neno hili la kwetu sasa linaandikwa jinsi lilivyo katika makala za kimataifa. Mwaka 2010, Journal of African Earth Sciences lilichapisha utafiti juu ya mazuku ya eneo la Goma, ukiwa na mtaalamu wa OVG kati ya waandishi. Wazee waliojua mahali pa kutolaza mifugo waliipa sayansi neno na ramani ya kwanza. Hakuna kipimo kinachohesabu mchango huo.

Satelaiti imebadilisha mchezo

Katika miaka kumi na kitu iliyopita sayansi ya ardhi imegeuka. Satelaiti ya Ulaya ya Sentinel-1 ilirushwa mwezi wa nne 2014, na picha zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa picha hizo mtu aliyeko Luxembourg au Beijing anaweza kuona kama ardhi ya Goma imepanda au kushuka kwa sentimita chache. Programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe zinapekua rundo la takwimu kwa haraka. China imepanda sana na sasa iko mbele katika hesabu nyingi za makala za fani hii.

Hilo lina faida. Mwaka 2021 satelaiti zilisaidia kuona kwamba magma imepita chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuhamisha watu. Mwaka 2022, jarida Nature Geoscience lilionyesha jinsi ujenzi wa mji unavyobadilisha mwendo wa udongo unaoteleza Funu, mjini Bukavu, mahali ambapo maelfu ya familia wanaishi juu ya ardhi inayotembea. Kazi hiyo ilitegemea picha za kutoka juu za miaka mingi.

Lakini satelaiti haipimi kila kitu, na Kalehe imetufundisha. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, wanaochunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia katika msiba fulani, walijaribu kujibu swali hilo kwa eneo la Ziwa Kivu. Walishindwa. Takwimu za mvua kutoka vituo vya chini hazikutosha, na zile za satelaiti hazikukubaliana. Msiba wa mamia ya watu ulibaki bila jibu kwa sababu hakukuwa na vipimo vya mvua vya kutosha milimani.

Hapo ndipo tunaona hatari ya kufuata hesabu za kutajwa peke yake. Kusoma kipimo cha mvua Numbi kila asubuhi kwa miaka ishirini hakumpi mtu makala katika jarida kubwa. Kuchambua satelaiti kwa mbinu mpya kunampa. Pesa zinafuata makala, na kipimo cha mvua kinabaki bila betri.

Lawama si ya Ulaya tu

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwalaumu wageni. Haitoshi. Mwaka 2020, mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukisaidia OVG ulifika mwisho bila kuongezwa, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea takwimu kutoka vituo vya mbali. Malalamiko juu ya matumizi ya pesa yalisikika hadharani. Nchi yenye volkano mbili kati ya zinazolipuka zaidi Afrika iliacha ulinzi wake utegemee mradi wenye tarehe ya mwisho. Kweli, makala ya Nature inaonyesha kwamba hata mashine zote zikifanya kazi, onyo la mwaka 2021 lingekuwa fupi sana. Lakini dakika arobaini zikipokelewa na kituo kilicho macho, na mji wenye ving'ora, ni watu wengi wanaoweza kuondoka njiani.

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025, kila kazi ya muda mrefu imekuwa ngumu zaidi. Volkano haiulizi nani anatawala. Kituo kikikatika mwaka mmoja, mwaka huo hauwezi kupimwa tena kamwe.

Tunaweza kudai nini?

Kwanza, vyuo vyetu, kuanzia UNIGOM hadi Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, visisubiri barua ya mradi kutoka Ulaya ndipo viulize swali. Makubaliano ya ushirikiano yaandike mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza, takwimu zitahifadhiwa wapi, na mwanafunzi gani wa hapa atafanya doktora juu yake.

Pili, kuna milango ambayo haitumiki vya kutosha. Kuchapisha kwa uhuru katika Nature kulipangiwa bei ya euro 9.500 mwaka 2021, pesa ambayo profesa wa Kongo hawezi kuigusa. Ila wachapishaji wengi husamehe malipo kwa nchi maskini, Kongo ikiwemo, mara nyingi kwa sharti kwamba mwandishi anayesimamia makala awe wa nchi hiyo. Maana yake Mkongomani akiongoza, bei inashuka. Mpango wa Research4Life nao unafungua maelfu ya majarida kwa taasisi zilizojisajili. Tatizo linabaki umeme na intaneti, na hilo ni kazi ya wakuu wa vyuo.

Tatu, cheo kisitolewe kwa hesabu ya makala peke yake. Ramani ya mazuku iliyofika kwa mkuu wa kartie, taarifa ya volkano iliyotoka kila wiki bila kukosa, daftari la mvua lisilo na pengo: hizi ni kazi za sayansi, na wizara ya elimu ya juu inaweza kuzipa alama ikitaka.

Mwisho, kila mtafiti anayekuja kuchukua vipimo Kibati, Kalehe au Funu aulizwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wa kusomwa kwenye redio na kanisani. Ukurasa huo hautatajwa na mtu yeyote Ulaya, lakini mkaaji wa Buhene ataweza kujua mapema barabara ya kukimbilia.